Mshika Kamba Hasalimii

Vijana wangu, mgeni akiingia katika jumba letu la kupandia hapa Mbeya, kinachomshangaza si ukuta. Ukuta anautazama, anaguna, basi. Kinachomshangaza ni ukimya. Anamwona mmoja wenu juu kabisa, karibu na bati, na mwenzake chini ameshika kamba, na hakuna anayesema neno. Kamba inavutwa mara moja, inajibiwa mara moja. Inavutwa mara mbili, inalegezwa. Mgeni akiuliza kwa nini hamsemi kama watu, nimewasikia mkimjibu kwamba ni mvua. Mvua ya Mbeya ikianza kupiga bati, hata ukipaza sauti husikiki.

Jibu hilo si baya. Mimi mwenyewe nimelitoa mara nyingi, hasa kwa watu wenye haraka. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati lile miaka yote kabla ya ishara za kamba, na sisi tulikuwa tunapiga kelele tu mpaka koo zinauma. Mvua ni sababu nzuri, ila siyo yenyewe. Sasa nimeacha kazi, na bega langu haliruhusu tena hata kuangika koti juu ya msumari, kwa hiyo ninao wasaa wa kuandika sababu yenyewe. Nitachanganya humo mambo mengine ya kazi ambayo huenda yakawafaa.

Nianze na mawe, kwa kuwa mnayashika kila siku na hamjui yalikotoka.

Jumba letu lilikuwa ghala la pareto. Walioingia siku za mwanzo wanakumbuka kwamba ukifika safu ya tatu, vumbi la pareto lililojificha kwenye nyufa linakuingia puani, na unapiga chafya ukiwa unaning'inia. Chafya iliangusha wapandaji wengi kuliko woga. Pareto ilipohamishiwa kwingine, kamati iliyosimamia ghala ikatukubalia tulitumie, sisi tuliokuwa tunawafundisha vijana kazi za juu: kupaka rangi minara, kuziba mapaa ya makanisa, kuzibua matangi. Kabla ya hapo tulifundishia kwenye miamba ya mlima Loleza. Lakini tangu Novemba mpaka Mei mlima ule ni utelezi na ukungu, na kijana anayefundishwa miezi mitano kwa mwaka husahau miezi saba. Tulihitaji mwamba wenye paa.

Mwamba huo aliujenga Mzee Kihwele, mwashi wa Kalenga, kule Iringa, aliyezeekea juu ya minara ya makanisa. Alikuja kwa lori, akaokota jiwe letu moja la hapa, akalibonyeza kwa kidole gumba likamomonyoka.

"Fundi," akaniuliza, "hili ni jiwe au ni mkate?"

Mawe mengi ya huku kwetu yametoka kwenye volkano. Ni mepesi, yana vitundu, na hayapendi uzito wa mtu. Mzee akarudi kwao, akaja na lori zima la itale ya Iringa. Kila jiwe alilipiga nyundo kwanza, akasikiliza. Lililolia kama kengele alilipachika ukutani. Lililojibu kwa sauti butu alilitupa nje, hata kama lilikuwa na sura nzuri kiasi gani. Fanyeni hivyo mpaka leo. Jiwe likianza kulegea, sauti yake hubadilika kabla halijacheza mkononi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchanganya saruji nikiwa nimening'inia, ndoo kiunoni na mwiko mdomoni. Na ndiye aliyetufundisha kushika kamba. Alikuwa hapendi mshika kamba anayemkodolea macho aliye juu. "Ukimtazama utaogopa kwa niaba yake," alisema, "na mikono yako itaogopa pamoja nawe. Tazama chini. Sikiliza kamba."

Kamba yenyewe siku hizo ilikuwa ya mkonge. Ikilowa inavimba na fundo halifunguki. Ikikaa karibu na jiko inakauka na nyuzi zinakatika mmoja mmoja, bila kukuaga. Kwa hiyo kila asubuhi tuliipitisha yote kiganjani, macho tumefumba, maana kidole huona uzi uliokatika kabla ya jicho. Baadaye madereva wa malori ya Zambia walituletea ya nailoni. Vijana walishangilia. Mimi sikuiamini kwa sababu ilivutika kama ulimbo. Ilinibidi nianguke ndipo nielewe kwamba kule kuvutika ni baraka. Mkonge hukudaka kama mlango unavyodaka kidole.

Na hapo nafika kwenye maandishi ya rangi nyekundu mlangoni petu: MSHIKA KAMBA HASALIMII.

Kwetu Unyakyusa, na kwa jirani zetu Wahehe na Wabena vilevile, mtoto aliyelelewa vizuri hamsalimu mkubwa akiwa amesimama wima na mikono yake ina shughuli. Anachuchumaa kidogo, anakutanisha viganja. Lugano, ambaye leo mnamjua kwa ukali wake, alilelewa vizuri mno. Siku moja mimi nilikuwa safu ya pili kutoka juu, Lugano ameshika kamba, Mchungaji akaingia kuulizia ukarabati wa kengele. Lugano akaachia kamba, akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima.

"Ugonile, baba," akasema, kama anavyoamkia mtoto mwema wa Kinyakyusa.

Mimi niliisikia salamu hiyo nikiwa hewani.

Kilichoniokoa ni nguzo ambayo tunaizungushia kamba, iliyopunguza kasi, na magunia ya maranda chini. Bega likatoka mahali pake. Mchungaji, mtu mpole sana, akainama karibu na uso wangu.

"Usimlaumu kijana," akaniambia. "Ana adabu."

"Nimeiona, Mchungaji," nikamjibu. "Nimeiona kutoka juu."

Tangu siku ile tukaweka kanuni mbili. Ya kwanza ni hiyo ya mlangoni, na inamhusu hata mkuu wa mkoa akiingia. Ya pili haijaandikwa popote lakini mnaijua: mshika kamba haachii mpaka aliye upande wa pili ampe ruhusa mwenyewe. Aliye upande wa pili anaweza kuwa ameshafika chini, amefungua fundo, anakunywa chai. Haidhuru. Kama hajatoa ruhusa, umeshika.

Kanuni ni jambo moja, mwili ni jingine. Bega lilipopona nilijifunga kamba, nikapanda safu tatu, na mkono wa kulia ukakataa kuachia jiwe. Niliuamrisha, haukusikia. Nikashuka nikasema nina kazi ofisini. Hatukuwa na ofisi.

Aliyenirudisha juu ni Desderia, mjukuu wa Mzee Kihwele. Alikuja Mbeya kumpikia babu yake wakati wa kujenga, akapata kazi ya kushona nguo, na mzee aliporudi Kalenga yeye akabaki kwenye timu yetu ya vijana. Alikuwa binti mwembamba. Ungedhani upepo ungemchukua yeye na kamba pamoja.

"Fundi, panda," akaniambia.

"Wewe utaniweza?"

"Mimi simbebi mtu. Nguzo ndiyo inabeba. Mimi nasikiliza tu."

Nikapanda. Alikuwa anatazama sakafu kama mtu aliyedondosha sindano. Kamba haikunikaba wala haikulegea. Ilikuwa pale tu, kama mkono wa mtu anayekusindikiza bila kukugusa. Nilifika juu kabla sijakumbuka kuogopa.

Babu yake hakumfundisha kunyamaza. Alisema wakati wote: bei ya kanga, ndoto alizoota, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, tuliokuwa tunaupangia foleni mwaka ule wa njaa. Mimi nilimjibu kutoka juu, tukipaziana sauti.

"Fundi, leo umekula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Ndiyo maana u mwepesi. Siku ukioa utaniongezea kazi."

Lazima niseme hapa jinsi nilivyokuwa naishi. Mke wangu alifariki kabla ukuta haujajengwa, na hatukujaliwa mtoto. Nilikuwa na chumba nyuma ya soko, jiko la mkaa, na vitabu vichache vya mafundo na madaraja ambavyo nilivisoma kwa kamusi mpaka vikachanika. Sikuwa mtu wa baraza. Nikijumlisha maneno yote niliyozungumza na binadamu miaka ile, mengi yalipita kando ya kamba, mimi juu, yeye chini. Sikulihesabu hilo wakati ule. Mtu hahesabu hewa.

Kaka yangu mkubwa alifariki akiacha mtoto wa kiume, Ambakisye. Reli ilipokuwa inajengwa alipata kibarua huko, na siku za mapumziko alilala kwangu. Jioni moja akanifuata jumbani, akasimama mlangoni.

"Baba mdogo, yule dada amepoteza nini pale chini?"

"Hajapoteza kitu. Anasikiliza."

"Anasikiliza nini?"

"Mimi."

Kesho yake alifika jumbani kabla yangu. Mwezi uliofuata alikuja hata siku ambazo hazikuwa za mapumziko, na nikajua reli itajengwa bila yeye.

Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Kwa kuwa kaka hayupo, mimi ndiye niliyeongoza wazee wetu kwenda Kalenga kuposa. Mzee Kihwele alikuwa amekaa juani, miguu imevimba. Alinicheka.

"Wewe mjanja," akasema. "Unamchukua mshika kamba wako, unamweka nyumbani kwako kabisa."

Nami nikacheka. Yeye Mhehe hakujua desturi yetu ilivyo kali, na mimi niliyeijua nilikuwa nawaza mahari na usafiri.

Siku ya arusi dada yangu mkubwa, Tumpe, alimketisha bibi arusi kwenye mkeka, akamfunga kitambaa kichwani, akamfundisha mbele ya wanawake wote. Mimi nilikuwa nje ya dirisha nagawa viti.

"Kuanzia leo, baba mkwe wako humtazami usoni. Huongei naye. Hutaji jina lake. Hukai naye chini ya paa moja. Ukimwona njiani, unatoka njiani."

"Lakini baba mkwe ni marehemu, mama," Desderia akasema kwa upole.

"Marehemu gani? Yule pale na viti."

Kwetu baba mdogo ni baba, hakuna mdogo wala mkubwa. Desderia akageuka dirishani. Tulitazamana kiasi cha kupumua mara moja. Kisha akainamisha macho, akatazama mkeka, vilevile alivyokuwa anatazama sakafu akishika kamba.

Najua baadhi yenu mnatabasamu. Mjini mambo haya yamelegea, na makanisani wapo waliokwisha kuyaacha. Hata Ambakisye aliniuliza, "Baba mdogo, nimwambie asijali?" Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akarudi na jibu.

"Anasema wanawake wa kwetu wanamtazama kama Mhehe atayaweza. Ameshawaambia atayaweza. Anasema hawezi kushika nusu."

Hakuna kushika nusu. Maneno hayo ni yetu, ya jumbani.

Basi akaacha kuja, maana chini ya bati lile nilikuwapo mimi. Timu iliendelea. Vijana walishikana kamba wao kwa wao, walipanda kwenye maonyesho ya Saba Saba, watu wakapiga makofi. Mimi nilifundisha nikiwa chini. Nyumba ya Ambakisye ilikuwa mbele kidogo ya soko, na njia ilikuwa moja. Ikitokea nakuja na yeye anakuja, aliingia kwenye mahindi ya watu. Mimi niligeuza uso upande wa pili, kama inavyotakiwa. Lakini mahindi yana tabia ya kutikisika. Nilikuwa najua amesimama wapi mpaka nimepita.

Kisha jiwe la juu likabadilika sauti.

Ni lile jiwe kubwa lenye pete ya chuma, ambamo kamba zetu zote zilikuwa zinapita. Bati lilivuja, maji yakaingia nyuma yake. Nililigonga kwa mti mrefu nikiwa chini: butu. Nikapiga marufuku kupanda, na siku hiyohiyo mwenyekiti wa kamati ya ghala akapata habari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mbolea inayokuja na hakuwa na mahali pa kuiweka.

"Fundi," akasema, "ukuta huu ukimwua mtoto wa mtu, mimi ndiye nitakayeulizwa. Mbolea haipandi ukuta, haianguki, haina mama. Lori likifika na jiwe bado bovu, tunautoa ukuta, tunaweka magunia."

"Na likiwa zima?"

"Nione mtu mzima ananing'inia juu yake. Hapo nitakuamini."

Ngazi ndefu kuliko zote haikufika pale. Miti ya jukwaa ilikuwa imechukuliwa kujengea madarasa ya kijiji kipya, na katika miaka ile ya kuhamia vijijini hukuenda kuidai. Lugano aliweza kufika juu, lakini hajawahi kupachika jiwe akiwa hewani, na jiwe lile lilikuwa na uzito wa mbuzi. Mzee Kihwele miguu imekwisha. Nilibaki mimi.

Tulipitisha kamba kwenye boriti ya chuma ya paa, mbali na lile jiwe. Lugano akashika. Nilipanda safu tatu, na mkono ukagoma palepale ulipogoma zamani. Nikajaribu tena asubuhi iliyofuata. Safu tatu.

"Fundi, nimekushika kama yai," Lugano akasema.

"Najua."

"Simsalimu mtu. Hata mama yangu akiingia."

"Najua, Lugano. Wewe umeshapona. Ni mimi."

Aligeuka akatazama ukutani. Vijana wengine wakaanza kukunja mikanda yao taratibu, kama watu wanaokunja mikeka ya matanga. Ndipo nilipoelewa kwamba walikuwa wameshauaga ukuta.

Jioni Ambakisye akaja chumbani kwangu.

"Nimetumwa," akasema. "Anauliza: lile banda la mizani nyuma ya ghala, lina paa lake au limeegemea paa la ghala?"

Ni banda dogo ambamo zamani walipimia pareto. Nimelipita miaka mingi, na sikujua jibu. Tukaenda kutazama. Lilikuwa na paa lake, limesimama kwa nguzo zake, na kati yake na ukuta wa ghala ilikuwapo nafasi ya kupenya mkono. Juu ya nafasi hiyo, karibu na boriti, kulikuwa na tundu la hewa.

Ambakisye hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Lakini alikuwapo wa kuamua, naye ni dada yangu.

Tumpe alikuja na mwamvuli. Alilizunguka banda, akachungulia, akaingiza mkono kwenye ile nafasi mpaka kiwiko.

"Upepo unapita," akasema. "Ni mapaa mawili."

"Na kamba, shangazi?" Ambakisye akauliza.

"Kamba si paa."

"Watu hawatasema kwamba wanaongea?"

"Kamba ina mdomo?" Kisha akanigeukia. "Ila wewe ukiwa juu usimwite jina."

"Sitamwita."

"Hata ukianguka."

"Hata nikianguka, dada."

Hivyo ndivyo zilivyozaliwa ishara zenu. Ambakisye alikuwa mshenga wake: alikwenda kwa mkewe, akarudi kwangu, akaenda tena. Kuvuta mara moja ni kuuliza kama upo, na jibu lake ni mara moja. Mara mbili, legeza. Mara tatu, nishushe. Vuto moja refu, la polepole, ni ruhusa ya kuachia. Tulitaka kuweka ya tano, tukaona mtu aliye juu hana mambo mengi ya kweli ya kusema.

Tundu la hewa lilikuwa na kingo za matofali zinazokata kamba, kwa hiyo tukachomeka kipande cha bomba na kukivisha ngozi ya ng'ombe iliyopakwa mafuta. Angalieni ngozi hiyo kila mwaka. Na kumbukeni kwamba kamba inayopita kwenye boriti na bomba hula nguvu. Ukivuta kwa ubavu ishara inafia njiani. Vuta kifupi, kama unavyomgusa mtu begani.

Siku ya kupanda mvua ilinyesha. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye benchi. Desderia alizunguka kwa nyuma, akaingia bandani. Niliambiwa tu kwamba amefika. Nikajifunga, nikavuta mara moja.

Haikujibiwa. Nikasikiliza bati. Nikafikiri kwamba bomba limebana, kwamba amebadili nia, kwamba wanawake wamemkataza. Ndipo ikaja, mara moja, fupi.

Nikapanda. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tatu nilisimama kuusubiri mkono wangu ugome, na kamba ikasimama pamoja nami, haijakaza, haijalegea. Sikuwa namwona, hakuwa ananiona, na kati yetu ulikuwapo ukuta wa matofali na mapaa mawili. Lakini nilijua anatazama chini. Mkono ukaachia jiwe, ukashika la nne.

Kazi ilikuwa ndefu. Nililing'oa jiwe bovu, nikalishusha kwa kamba nyingine, Lugano akafunga kwenye kamba hiyo jiwe la akiba aliloliacha Mzee Kihwele, nikalivuta juu. Nikakwangua, nikalowesha, nikapaka saruji, nikalisukuma mpaka likakaa. Katikati ya kazi nikajikuta nasema kwa sauti, kwa mazoea, "Leo nimekula ugali na maharage." Bati likayameza maneno yote.

Baadaye nilisikia kwamba wakati huo Mchungaji alipita nyuma ya ghala, akamwona bibi arusi bandani, akamsalimu. Hakuitikiwa. Akasalimu tena. Akamfuata Ambakisye akiwa amehuzunika.

"Mkeo ana nini? Hanijibu."

"Mchungaji," Ambakisye akamwambia, "nenda ukasome mlangoni."

Nilivuta mara tatu, akanishusha. Saruji ilipokauka nikapanda tena, yeye bandani, nikaligonga jiwe kwa nyundo. Lililia kama kengele. Nikalishika kwa mikono miwili, nikaachia miguu, nikabaki naning'inia mbele ya mwenyekiti. Alinitazama mpaka shingo ikamchoka.

"Shuka, Fundi," akasema. "Mbolea nitaitafutia mahali."

Ishara zile Lugano aliziiga kwanza kwa mzaha, kisha mvua ikazifanya kuwa za lazima, na leo ninyi hamjui njia nyingine. Kila mwaka kabla ya mvua mimi nilipanda kukagua mawe ya juu, na yeye alishika kutoka bandani. Ndiyo ilikuwa siku yangu moja ya mazungumzo. Siku nyingine binti yake mdogo aliletwa kwangu na bakuli limefunikwa kitambaa, akasimama mlangoni na kusema alivyofundishwa: "Mama anauliza umekula nini." Nikisema ugali, anauliza, "Na nini?"

Binti huyo anaitwa Bupe. Kwa hiyo sasa mmejua ninayemsema. Ni Mama Bupe, mwalimu wenu mpya, anayewaudhi kwa kuwakataza kutazama juu.

Mnasema niliacha kazi kwa ajili ya bega. Bega ni sababu nzuri. Lakini bega lilikuwa bovu tangu zamani, na ningeweza kukaa kwenye benchi na kufundisha kwa mdomo miaka mingine mingi. Paa lile linamchukua mmoja wetu tu. Mimi nilikuwa nimeshawapa nilichokuwa nacho, na chake kilikuwa nyuma ya matofali. Kwa hiyo msinialike siku za mazoezi. Pitieni kwangu mkitoka, mnieleze.

Siku yangu ya mwisho niliwaambia watu waondoke mapema. Ambakisye akamleta mkewe bandani, kama kila mwaka. Nilijifunga kamba kwa mazoea, ingawa sikuwa na uwezo wa kupanda. Nikavuta mara moja. Akajibu mara moja. Nikafungua fundo, nikakaa kwenye benchi na ncha ya kamba mkononi, na sikutoa ruhusa.

Hakuachia. Kamba ilikuwa vilevile, haijakaza, haijalegea. Lugano alichungulia mlangoni, akaona, akaurudisha mlango bila kusalimia.

Nilipoona jua limefika kwenye safu ya chini, nikavuta lile vuto refu, la polepole.

Kamba haikulegea mara moja.